Ndama wa Tembo Wanaopelekwa Ng'ambo: Ni kwa Hitaji la Nani?

Tarehe 22 Aprili 2023, katika bustani ya wanyama ya jiji la Karachi nchini Pakistan, alikufa tembo jike aliyeitwa Noor Jehan, akiwa na umri wa miaka 17. Siku tisa kabla ya kifo chake alikuwa ametumbukia katika bwawa la saruji lililomo ndani ya uzio wake, na tangu hapo hakuweza tena kusimama kwa nguvu zake mwenyewe, kwa kuwa miguu yake ya nyuma ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa ugonjwa. Picha zake akiwa amelala ubavu, huku watu wakijaribu kumwinua kwa kreni, zilienea duniani kote. Lakini jambo ambalo taarifa nyingi zililigusa kwa sentensi moja tu, nalo ndilo linalotusukuma kuandika, ni kwamba Noor Jehan hakuwa tembo wa Asia. Alizaliwa porini nchini Tanzania.

Walikuwa wanne. Walikamatwa wakiwa wadogo, wakatenganishwa na mama zao, na mwaka 2009 wakafikishwa Karachi. Noor Jehan na Madhubala wakawekwa katika bustani kongwe ya jiji. Malika na mwenzake aliyeitwa Sonu wakapelekwa katika eneo jingine la maonyesho liitwalo Safari Park, jijini humohumo. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi Sonu alidhaniwa kuwa dume, hata madaktari wa wanyama kutoka nje, waliofika mwaka 2021 baada ya shauri kufunguliwa mahakamani, walipompima na kugundua kuwa ni jike; ndipo akaitwa Sonia. Atakaye kujua ni uangalizi wa namna gani walioupata wanyama hao, habari hiyo peke yake yamtosha. Noor Jehan alipokufa, Madhubala alibaki peke yake mpaka Novemba 2024, alipohamishiwa Safari Park na kukutana na wenzake baada ya utengano wa takribani miaka 15. Hazikupita wiki mbili Sonia naye akafa. Wawili waliosalia waligundulika kuwa na kifua kikuu, wakaanzishiwa matibabu kwa dawa zilezile wanazotumia binadamu.

Tunajua kwamba wapo wasomaji wetu watakaouliza kwa nini chombo cha habari cha Jimbo kitumie nafasi yake kwa ajili ya tembo wanne. Wapo waamini katika Jumuiya zetu ambao msimu wa mavuno hulala shambani wakipiga madebe na kuwasha mioto, na asubuhi hukuta ekari nzima ya mahindi imelazwa chini. Wapo waliozika ndugu. Kwao tembo si picha ya kalenda, na mtu akiwajia kuzungumzia machozi ya mnyama aliyeko Karachi watamtazama kwa mshangao. Swali lao ni la haki, na makala hii haitakuwa na maana isipowajibu. Lakini ili kuwajibu vema, ni lazima kwanza tueleze kinachofanyika pale ndama wa tembo anapokamatwa.

Yanayojulikana kuhusu maisha ya tembo, sehemu kubwa yametoka hapa kwetu Afrika Mashariki, hasa katika hifadhi ya Amboseli nchini Kenya, ambako mtafiti Cynthia Moss alianza mwaka 1972 kufuatilia familia moja baada ya nyingine, tembo mmoja mmoja kwa jina na sura. Tembo jike hubeba mimba miezi 22. Huzaa mtoto mmoja, na kwa kawaida hupita miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Ndama hunyonya kwa miaka kadhaa, na malezi yake hayako mikononi mwa mama peke yake: dada, mashangazi na bibi wote wanahusika, chini ya jike mzee anayekumbuka kisima kilipo mwaka wa ukame. Dume huiacha familia anapobalehe. Jike haondoki, huishi na kufa kati ya mama yake na binti zake. Kwa hiyo kumtoa ndama jike katika kundi ni kumtoa mahali ambapo, kwa maumbile aliyopewa na Muumba, asingepahama hata siku moja.

Namna ya kumtoa haina siri kubwa. Helikopta hulifuata kundi, ndama aliyechaguliwa hupigwa sindano ya usingizi kwa bunduki kutoka angani, na helikopta hiyohiyo hutumika kuwafukuza wakubwa wanaorudi kumsimamia aliyeanguka. Kisha hufungwa kamba, hupakiwa garini, na kupelekwa zizini kusubiri safari. Oktoba 2017 gazeti la The Guardian la Uingereza lilitoa picha za video zilizochukuliwa kwa siri katika hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe, ambazo zilionyesha kazi hiyo ikifanywa, na ndama mmoja akipigwa mateke kichwani. Huchaguliwa wadogo kwa sababu za biashara tu: mdogo huingia katika sanduku la ndege, hula kidogo, na huzoea amri za mtunzaji upesi kuliko mkubwa.

Je, huko aendako huishi vizuri? Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha tembo wa bustani za Ulaya na wale wa Amboseli. Kwa tembo jike wa Afrika waliozaliwa bustanini, kipimo cha kati cha umri wa kuishi kilikuwa miaka 16.9. Kwa wale wa Amboseli waliokufa kwa sababu za asili kilikuwa miaka 56. Na hata ukiwahesabu pia waliouawa na binadamu, kilibaki karibu 36. Wenye bustani wanasema hali imeboreshwa tangu wakati huo, nasi tunakubali kwamba bustani nzuri za leo si zile za zamani. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kujenga uzio wenye ukubwa wa Amboseli.

Sasa tuwageukie wanaouza, maana si haki kuwahukumu bila kuwasikiliza. Tangu mwaka 2012 Zimbabwe imepeleka China tembo wadogo zaidi ya 100. Machi 2016 tembo 17 kutoka nchi ambayo wakati huo iliitwa Swaziland, leo Eswatini, walipelekwa katika bustani tatu za Marekani: Dallas, Wichita na Omaha. Wenye hifadhi walisema kuna ukame, tembo wanaharibu miti inayohitajiwa na vifaru, na wasipochukuliwa watauawa. Bustani hizo nazo ziliahidi dola 450,000 kwa ajili ya uhifadhi wa vifaru. Machi 2022 Namibia ilisafirisha tembo 22 kwenda Falme za Kiarabu, katika bustani za Al Ain na Sharjah. Hoja za nchi hizo zinafanana: tembo wetu ni wengi, watu wetu ni maskini, hifadhi zinaendeshwa kwa fedha, na fedha hizo hakuna anayetupatia.

Agosti 2019, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea walio Hatarini Kutoweka, CITES, zilipiga kura kwamba tembo wa porini kutoka Zimbabwe na Botswana wasipelekwe nje ya maeneo yao ya asili barani Afrika, isipokuwa kwa sababu za pekee sana. Kura 87 zilikubali, 29 zilikataa, 25 hazikuegemea upande wowote. Kabla uamuzi huo haujaanza kutumika, Zimbabwe iliwapakia ndegeni ndama wengine zaidi ya 30 na kuwapeleka China. Wasomaji wetu huenda hawakumbuki kwamba aliyesimama mwishoni mwa mkutano ule kusoma tamko la malalamiko la nchi za SADC alikuwa waziri wa Tanzania, ambayo mwezi uleule ilikuwa imepokea uenyekiti wa jumuiya hiyo. Tamko lilisema kwa ufupi kwamba nchi zilizofaulu kuwatunza tembo zinaadhibiwa na nchi zisizo na tembo hata mmoja. Miaka mitatu baadaye, mkutano wa Panama uliongeza masharti. Neno la SADC lina uchungu wa kweli ndani yake. Anayepiga kura akiwa Ulaya hafukuzi tembo usiku kwa kupiga debe, na hajawahi kuuliza uzio wa kilomita moja unagharimu kiasi gani. Tunalisema hili mapema ili isidhaniwe kwamba tunarudia tu sauti za mashirika ya ng'ambo.

Kanisa lina kipimo chake, na ni kipimo cha zamani kuliko CITES. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia kifungu cha 2415 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, kwamba kwa kuwapo kwao tu wanamtukuza, na kwamba mwanadamu anawajibika kuwatendea wema. Inafundisha pia kwamba ni halali kuwatumia kwa chakula na mavazi, na kuwafuga ili wasaidie kazi na mapumziko ya binadamu. Na katikati ya mafundisho hayo mawili imewekwa alama ya mpaka: kuwatesa au kuwaua bila ulazima ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Angalia hadhi inayotajwa hapo ni ya nani. Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake wa mwaka 2015 uitwao Laudato si', alikirudia kifungu hicho na kuongeza kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kabla hatujauliza kinatufaa kwa lipi.

Mafundisho haya hayasemi kwamba tembo ni mtu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya jimbo la Colorado nchini Marekani ilitupilia mbali, kwa kauli moja ya majaji sita, ombi la kuwaachilia tembo watano wazee wa bustani ya Cheyenne Mountain kwa hati ileile inayotumika kumwachilia binadamu aliyefungwa isivyo halali. Tembo hao walizaliwa Afrika, na mmoja wao anaitwa Jambo. Salamu yetu imefika mbali. Majaji walisema hati hiyo ni ya watu, na tembo, hata awe na akili kiasi gani, si mtu. Kwa mtazamo wa Kanisa majaji hawakukosea, kwani mwanadamu peke yake ndiye aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, na kuufuta mpaka huo kunaweza kumgeukia mwanadamu dhaifu kabla hakujamfikia tembo. Lakini hukumu hiyo inajibu swali moja dogo. Kujua kwamba mnyama hana haki za mtu hakutuambii tuna ruhusa ya kumfanyia nini. Watu wengi husikia kwamba tembo si mtu wakadhani mjadala umekwisha, na hapo ndipo Katekisimu inapowashika mkono: kulikuwa na ulazima gani?

Tukishika kipimo hicho cha ulazima tutafika mahali ambapo marafiki wengi wa tembo hawatapenda tufike. Mwaka 2024 kusini mwa Afrika kulikuwa na ukame mkali. Agosti mwaka ule Namibia iliamua kuwachinja wanyamapori 723, wakiwamo tembo 83, ili nyama wapewe watu waliokumbwa na njaa. Mwezi uliofuata Zimbabwe nayo ikatangaza mpango wa kuwaua tembo 200 kwa sababu hiyohiyo. Ulaya na Marekani zililipokea jambo hilo kwa kelele kubwa. Mtu anaweza kubishana juu ya hesabu, au kuuliza kama nyama ile iliwafikia wenye njaa, na maswali hayo ni ya msingi. Lakini kama njaa ni ya kweli na nyama inafika kwa walengwa, sisi tunaona kwamba kumuua tembo ili mtoto ale kunapita katika mlango wa Katekisimu, na kumkamata ndama mzima ili atazamwe hakupiti. Asiyeguswa na jambo hili huenda anapima kwa hisia tu: damu inamtisha, ila upweke wa miaka hamsini nyuma ya uzio haumtishi kwa sababu hautoi damu.

Yupo atakayetufungulia Maandiko Matakatifu atupinge. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli wanaelekezwa kwamba mtu akikuta njiani kiota chenye ndege aliyelalia makinda au mayai, asimchukue mama pamoja na wanawe. Amwache mama aende zake, naye anaweza kuchukua wadogo. Je, hicho sicho anachofanya mkamataji wa Hwange, anayechukua ndama na kumwacha mama? Kwa maneno ndicho. Lakini ndege yule, akiachwa, atataga tena kabla ya mwaka kwisha, na aliyechukua makinda amechukua chakula. Sheria ile inamfundisha mtu aliye njiani, mwenye njaa, kwamba hata katika njaa yake kuna kiasi asichoruhusiwa kukivuka, na uhai una chemchemi isiyopaswa kuzibwa. Mama wa tembo ana mimba ya miezi 22, na humpoteza aliyemlea kwa miaka kadhaa. Na mnunuzi wa ndama hana njaa.

Turudi sasa kwa mkulima wetu aliyelala shambani, kwa maana hoja ya wauzaji inasimama juu ya jina lake. Je, ndama akiuzwa, mkulima anapata nini? Tembo wanaovamia mashamba mara nyingi ni madume makubwa, yaliyokwisha kuonja utamu wa mahindi na kujifunza njia. Wakati mwingine ni familia nzima. Ndama wa miaka mitatu anayepakiwa ndegeni si huyo aliyevunja ghala. Ukimwondoa, shamba linabaki katika hatari ileile, na watafiti wa tembo wanatuonya kwamba kundi lililovurugwa kwa kufukuzwa na kunyang'anywa wadogo huzidi kuwa na hofu na ukali. Kuhusu idadi, tembo 20 au 30 hawapunguzi chochote katika nchi yenye makumi ya maelfu. Na fedha? Huingia katika mamlaka ya hifadhi au kwa mfanyabiashara mwenye kibali. Hatujaona kijiji kinachoonyesha kisima au zahanati na kusema kwamba hii ni bei ya ndama. Mkulima ametajwa katika maombi ya kibali, akasahauliwa katika mgawo. Kumtumia maskini namna hiyo, kama saini ya kuombea biashara isiyomfikia, ni kosa dhidi yake kabla hata hatujafika kwenye kosa dhidi ya tembo.

Katika vifungu vilevile Katekisimu ina onyo jingine, ambalo kwa kawaida hutumiwa dhidi ya wapenzi wa wanyama: haifai kuwatumia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za wanadamu. Wapo waliolisema hilo kuhusu Noor Jehan, wakiuliza ni kwa nini kikosi cha madaktari kiruke kutoka nchi za mbali kwa ajili ya tembo mmoja, katika jiji lenye mamilioni ya watu wasio na maji safi. Tunaona onyo hilo ni la haki, ila limeelekezwa kwa mtu asiye mwenyewe. Tembo mzima hula hadi kilo 150 za majani na matawi kwa siku, na anaweza kuishi miaka 60. Porini gharama hiyo anaibeba Mungu kwa mvua yake. Siku unapomfungia, unaibeba wewe: malisho, maji, dawa, walinzi, meno yaliyooza, miguu inayouma kwa kusimama juu ya saruji, na mwisho wa yote kreni. Kosa la matumizi lilifanyika mwaka 2009, siku jiji lenye maskini wengi lilipojitwika deni la miaka sitini ili kuwa na kitu cha kuonyesha. Waliokuja kumtibu walikuwa wakilipa riba.

Hutolewa pia hoja ya elimu, kwamba mtoto wa mjini atampenda tembo akimwona kwa macho yake. Tunaiheshimu hoja hii kidogo kuliko nyingine. Mtoto anayemwona tembo peke yake kwenye sakafu ya saruji, akiyumbisha kichwa kushoto na kulia kutwa nzima kama wafanyavyo wengi wa waliofungwa, amejifunza kitu, lakini hicho si tembo.

Ni lazima pia tuitazame nyumba yetu wenyewe. Mwaka 2009, ambao tembo wale wanne walifika Karachi, sensa ilihesabu Tanzania tembo wapatao 109,000. Kufikia mwaka 2014 walibaki kama 43,000, wengi wakiwa wameuawa na majangili kwa ajili ya meno yao. Mtu anaweza kusema kwamba mbele ya hesabu hiyo wanne si kitu, na pengine walinusurika risasi. Hata hivyo aliyetia saini karatasi za wanne hakuwa jangili wa msituni. Mwaka uliofuata, Novemba 2010, wanyama na ndege hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga, walipakiwa katika ndege ya kijeshi ya Qatar kwenye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, wakaondoka. Twiga ni mnyama wa taifa. Bunge lilipiga kelele, mashtaka yakafunguliwa. Mwaka 2016 tumbili 61 walikamatwa wakiwa njiani kupelekwa Albania, na Serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangeruhusiwa kwa miezi sita kuwatoa nje wanyama waliobaki mikononi mwao. Wananchi wakapinga, na ndani ya siku chache ruhusa hiyo ikasitishwa. Tunawapongeza waliopaza sauti. Tunaona pia kwamba jambo linaloweza kufunguliwa kwa tangazo moja na kufungwa kwa tangazo jingine bado halijakaa imara katika sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Mali ya umma huuzwa kwa umma kujua: nani ameomba, kwa bei gani, wapi, na fedha inakwenda wapi.

Kama tembo wamezidi mahali fulani, wanaweza kuhamishwa ndani ya bara lao, familia nzima pamoja. Mwaka 2022 Malawi iliwahamisha tembo 263 kutoka hifadhi ya Liwonde kwenda Kasungu. Kazi ilifanyika kwa ustadi mkubwa, na katika picha wanaonekana mama na watoto wakishuka garini pamoja. Ila haikuwa habari njema kwa wote: vijiji vilivyo kandokando ya Kasungu, upande wa Malawi na upande wa Zambia, vimezika watu waliouawa na tembo tangu wakati huo, na wanakijiji wanalalamika kwamba tembo waliletwa kabla uzio haujakamilika. Kila njia iliyo bora kwa tembo ina gharama yake, na maskini ndiye anayeipokea kwanza asipotangulizwa katika mpango.

Ndiyo maana tunaona kwamba nguvu zinazotumika kubishana juu ya ndama wanaouzwa zingefaa kuelekezwa pia mashambani. Huko Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima wamezungusha mizinga ya nyuki kwenye mashamba yao, wakiitundika kwenye waya. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika, naye huogopa nyuki kuliko anavyoogopa madebe. Uzio huo hauzuii kila tembo, wala hausaidii mwaka ambao nyuki wamehama kwa kukosa maua, lakini humpa mkulima asali wakati ambapo vinginevyo angepata hasara tupu. Tanzania ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2013, imeweka shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori. Malipo hayo huchelewa sana, na kwa wengi hayafiki kabisa.

Kamati za Haki na Amani katika parokia zilizo jirani na hifadhi zinaweza kuanza kwa kazi isiyohitaji mfadhili: kukaa na familia iliyopata hasara asubuhi ileile, kupima eneo, kupiga picha, kuandika barua, kuifikisha kwa ofisa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa wanyamapori, na kutunza nakala yake parokiani. Madai mengi hupotea kwa sababu taarifa ilichelewa, na mthamini alipofika mvua ilikuwa imekwisha kufuta nyayo.